Lac Vert: Ukienda Mara Moja, Nani Anakungoja Mara ya Pili?

Ndugu wahitimu, na nyinyi wadogo zetu ambao mungali chuoni,

Kila mwaka, likizo ikikaribia, vikundi vya wanafunzi wa Goma vinachanga pesa, vinanunua sabuni, unga na nguo, vinakodi basi na kushika njia ya Sake. Miaka hii ya vita wengi waliishia upande wa Mugunga na Lac Vert, juu hapo ndipo wakimbizi wa ndani walikuwa karibu na mji. Picha zinapigwa, jioni watu wanarudi nyumbani. Na kila tukikutana, mabishano ni yale yale. Wengine wanasema safari hizo ni maonyesho tu. Wengine wanasema kidogo ni bora kuliko bure. Mimi nimejaribu kutafuta jibu katika historia, ya hapa kwetu na ya kwingine, na ninalileta hapa mulipime.

Niliseme mapema. Safari ya siku moja inaweza kuzaa utumishi wa miaka mingi, na imewahi kuuzaa. Lakini ukiangalia mahali ilipozaa kweli, huruma peke yake haikutosha. Ilizaa pale mgeni alipoondoka na deni: kazi moja inayojulikana, kwa watu wanaojulikana, na siku ya kurudi inayojulikana. Bila deni hilo, moyo unapoa kabla sabuni haijaisha.

Mahali penyewe

Siku hizi ukitaja Lac Vert, watu wanawaza kambi. Kwanza ni ziwa. Ni ziwa dogo ndani ya kreta ya volkano ya zamani, magharibi ya mji, karibu kabisa na Ziwa Kivu, na maji yake ya kijani ndiyo yalilipa jina. Mtaa nao ukachukua jina hilo. Ardhi ya pale ni mawe ya lava. Kuchimba choo ni kazi ya nyundo na mtaimbo, jembe halifui dafu.

Na chini ya mawe hayo kuna mazuku. Neno hili ni letu, na leo wanasayansi wa volkano wa nchi za mbali wanaliandika hivyo hivyo bila kulitafsiri. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Haionekani. Mtu mzima anaweza kupita amesimama asione shida, lakini mtoto aliyeinama au mbuzi aliyelala anakata pumzi hapo hapo. Wenyeji wa Lac Vert, Bulengo na Mugunga wanajua ni shimo gani halipitwi asubuhi. Mgeni hajui, hata kama ana diploma tatu.

Ninaanza na mazuku kwa makusudi. Anayekuja kusaidia pale anafika akijua kidogo kuliko mtoto wa pale. Akisahau hilo, msaada wake wote unaenda upande.

Julai 1994: msaada mkubwa kuliko yote

Wazazi wetu wanaikumbuka Julai 1994. Kwa siku chache tu, wakimbizi wa Rwanda kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka na kuingia Goma na vijiji vya jirani. Wakatawanywa Kibumba, Katale, Mugunga, na baadaye Lac Vert pia ikawa kambi. Kipindupindu kikalipuka. Wiki ya kwanza, maji safi yaliyotolewa yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku, yaani hata kikombe kimoja cha chai hakijai vizuri. Katika mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000. Mawe ya lava yalikataa makaburi, ikabidi mashine kubwa zichimbe mashimo ya pamoja.

Dunia ilikuja. Mashirika zaidi ya 200 yalifika. Na katika kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, ile ya kuokota maiti barabarani, walikuwamo vijana wa skauti wa hapa Goma. Hawakuwa na mishahara mikubwa wala tiketi ya kurudi kwao. Kwao kulikuwa hapa.

Sasa tujiulize: ni nini kilibaki? Kambi zile zilifungwa kwa vita, na katikati ya Novemba 1996 mamia ya maelfu ya watu wakashika njia ya kurudi Rwanda. Mashirika mengi yakafunga mizigo. Tena, kabla ya hapo, kulikuwa na aibu iliyosemwa wazi. Ndani ya kambi, viongozi na askari wa utawala ulioua watu Rwanda ndio walioshika ugawaji wa chakula, na mwezi wa Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likaamua kuondoka kwa sababu hiyo. Hapo tunaona kwamba huruma isiyouliza msaada unapita mikononi mwa nani inaweza kumlisha muuaji.

Ila kuna vitu viwili vilivyobaki. Cha kwanza ni kanuni. Mwaka 1997 mashirika yalikaa chini yakaanzisha mpango wa Sphere, uliotokana kwa sehemu kubwa na makosa ya Goma. Humo ndimo iliandikwa kwamba kila mtu katika dharura apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Linganisha na ile 0.2. Kila kambi duniani inapohesabu lita leo, somo la mawe yetu liko ndani yake.

Cha pili ni kidogo zaidi, na kila mkaaji wa Goma amekiona. Kipindupindu hakikuondoka na wakimbizi. Watu wengi wa mji wangali wanachota maji moja kwa moja ziwani. Ndiyo maana ukienda ufukweni utamkuta kijana mwenye ndoo ya klorini na bomba la sindano. Mama anakuja na bidoni yake, kijana anapima dawa, anaitia, anamwambia angoje nusu saa kabla ya kunywa. Kisha bidoni nyingine. Kesho tena. Hakuna anayempiga picha. Lakini ukiniuliza utumishi ni nini, nitakuonyesha yule kijana. Ana mahali pake, ana saa yake, na asipokuja watu wanajua kwamba hakuja.

Wanafunzi waliosafiri na wanafunzi waliolazimishwa

Turudi kwa wanafunzi. Mwaka 1958 mchungaji mmoja Mmarekani mweusi, James H. Robinson, wa kanisa la Harlem, New York, aliwapeleka wanafunzi kama sitini Afrika ya Magharibi kwa kipindi cha likizo. Aliuita mpango wake Operation Crossroads Africa. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu: kujenga, kuchimba, kubeba. Lililokuwa jipya ni kwamba hawakutumwa kugawa vitu. Waliishi na kufanya kazi bega kwa bega na vijana wenzao Waafrika, wakila nao na kubishana nao. Tarehe 1 Machi 1961 Rais Kennedy alianzisha Peace Corps, na mwaka uliofuata, akiongea na wanafunzi wa Crossroads, alikiri kwamba mpango wao ndio uliotangulia na kuzaa wazo hilo. Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupokea watu wa Peace Corps, mwaka huo huo wa 1961. Kwetu Zaire walikuja mwaka 1970.

Hapo unaona safari fupi ya likizo ikigeuka kuwa taasisi. Lakini tuangalie upande wa pili pia. Septemba 1991 askari walipopora miji yetu, Peace Corps iliondoka Zaire. Kazi iliyokaa mikononi mwa wageni ilipanda ndege pamoja nao. Iliyokuwa imeshaingia mikononi mwa wanakijiji ilibaki kijijini.

Je, basi, serikali iwalazimishe wanafunzi kutumikia? Afrika yetu imejaribu. Tanzania mwaka 1966 ilitaka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha wafanye kazi kwa muda wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mimi nikisoma habari hiyo ninaona pande zote mbili. Mwalimu alikuwa na haki kuuliza: nyinyi muliosomeshwa kwa jasho la mkulima, mutamlipa nini? Nao vijana walikuwa na haki kuuliza kwa nini wakubwa wengine hawaguswi. Ile hatua ya kukata mshahara wake ndiyo iliyompa Mwalimu mdomo wa kusema.

Kwetu ilikuwa mbaya zaidi. Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium, Kinshasa, walipowakumbuka wenzao waliouawa na askari mwaka 1969, Mobutu aliufunga mji wa chuo na kuwaingiza jeshini kwa lazima. Baadaye ikaja salongo, kazi ya pamoja ya lazima kwa raia wote. Neno lenyewe ni zuri, lina maana ya kazi, na tungali tunalitumia tunapofagia mtaa. Lakini muulize mzee yeyote aliyepitia miaka ile: fimbo ilipoondoka, ufagio nao ulianguka. Deni la kusukumiwa na mkubwa halidumu. Linadumu lile ulilolikubali mwenyewe mbele ya mtu unayemwona.

Mtoto aliyeuliza swali Bukavu

Mfano wangu wa karibu hauhusu basi la wanafunzi, unahusu mtoto wa miaka nane. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Siku moja alimsindikiza baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba, wakatoka. Njiani mtoto akauliza: mimi nikiugua unaniombea na kunipa dawa, mbona huyu hukumpa dawa? Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Basi mtoto akaamua kwamba yeye atakuwa daktari.

Ziara ile ilikuwa fupi kuliko safari zetu zote za Lac Vert. Lakini hakutoka na huruma tupu, alitoka na swali lililomdai. Alisoma udaktari Burundi, akaanza kazi hospitali ya Lemera akitaka kutibu watoto. Pale akaona wanawake wakifa kwa uzazi, akabadilisha njia, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi mwaka 1989. Oktoba 1996 Lemera ikashambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi. Mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Sisi tunaipenda sana hiyo sentensi ya mwisho. Lakini kati ya swali la mtoto na Nobel kuna miaka zaidi ya hamsini ya kuamka asubuhi na kwenda kazini.

Sisi na daftari la ya sita

Niseme pia kidogo cha kwetu, juu nisingeandika haya kama nisingeyaona. Februari 2024 vita ilipozunguka Sake, watu walimiminika upande wetu, na mahema yakajaa Mugunga na Lac Vert hadi juu ya mawe matupu. Mwezi wa Machi kikundi chetu cha promosheni kilienda na sabuni kama wengine wote. Tuligawa, tukapiga picha. Tulipokuwa tunapanda basi, mama mmoja akatushika mkono: "Aksanti kwa sabuni. Ila mutoto wangu ako mu ya sita, masomo yake imekatika. Mutarudi siku gani?"

Hakuuliza kama tutarudi. Aliuliza siku gani. Mmoja wetu akajibu Jumamosi. Basi. Kati ya watu zaidi ya ishirini, Jumamosi hiyo tulirudi wanne, na chaki, ubao wa plywood na daftari moja la kuandika majina. Wiki ya tatu daftari lilikuwa na watoto 23, wote wa darasa la sita, wanaojiandaa kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Wazazi ndio walichagua mahali pa kukalia, na walikataa ile sehemu tuliyoipenda sisi kwa kivuli chake. Kumbe ni bonde, na mazuku wanaijua.

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga. Watu waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Kesho yake hatukuenda, haikuwezekana. Tarehe 11 tulirudi tukiwa na woga, tukisema moyoni kwamba hatutakuta mtu. Tulikuta watoto 15 wamekaa juu ya mawe, wanangoja. Mwalimu wa kweli siku hiyo hakuwa sisi.

Kisha mwisho wa Januari 2025 vita iliingia mjini, na mwezi wa Februari kambi zikavunjwa kwa siku chache. Mahema yakaondoka. Wengine wakarudi Masisi, wengine Rutshuru, wengine wakaingia mitaani kwa jamaa. Ukipita leo unaona mawe tu na vipande vya turubai. Utumishi uliokuwa umefungwa kwenye hema uliisha siku hiyo. Wetu ulikuwa umefungwa kwenye daftari, na kando ya kila jina kulikuwa na namba ya simu ya mzazi au ya jirani. Tulipiga moja moja. Watoto tisa walikuwa bado mjini. Sasa wanakutana nasi kwenye uwanja wa nyumba moja Ndosho, na majirani wamewaongeza wa kwao. Wale kumi na wanne wengine, wengine wao hatujui waliko. Hilo nalo limeandikwa kwenye daftari, na hatulifuti.

Mjue pia kwamba hatufanyi haya kwa sababu tuna nafasi. Benki za mji zilifungwa, kazi hakuna, na wawili kati yetu wanne wanaishi kwa kuuza kadi za simu. Nimesikia mtu akisema kwamba kujitolea ni anasa ya mwenye mshahara. Skauti wa 1994 wangemjibu, na kijana wa klorini angemjibu pia. Ila ninakubali upande mmoja wa neno lake: usimwombe mwenye njaa atumikie kila siku. Ndiyo maana sisi tunakwenda kwa zamu, mtu Jumamosi moja kwa mwezi. Kidogo, lakini kinajulikana.

Kabla ya kukodi basi

Kwa hiyo nyinyi mnaopanga safari ya likizo hii, sitawaambia muache. Nendeni. Lakini wiki mbili kabla ya kuchangisha, mtumeni mtu mmoja kwa miguu au kwa moto, bila mzigo, aende kuongea na wazee wa mtaa na akina mama wa bombani. Awaulize ni kazi gani ilisimama na kwa nini. Awaulize pia nani hugawa vitu pale na nani hukosa. Arudi na kazi moja tu ambayo watu wanne wanaweza kuishika mwaka mzima hata pesa ikikosekana.

Basi likijaa watu arobaini, msisikitike kwamba thelathini na sita hawatarudi. Hata siku yetu ya kwanza ilikuwa hivyo. Kazi ya wale thelathini na sita ni kuwabebea wale wanne: chaki, nauli, vocha ya simu. Na kabla hamjapanda basi jioni, mmoja wenu asimame mbele ya watu aseme siku ya kurudi kwa sauti, na jina lake, ili mama yeyote aweze kusema wiki inayofuata: huyu hakuja.

Anayetaka kushika Jumamosi moja Ndosho, hesabu za darasa la sita ndizo zinahitaji mtu sasa, hasa sehemu na asilimia. Chaki tunazo hadi mwisho wa mwezi.